Juu ya Majina ya Watu wa Buha, na Namna Yasomwavyo

Mwalimu wa Kibondo au kasisi wa Kasulu afunguapo daftari la shule, au kitabu cha ubatizo, na kuisoma safu ya majina toka juu hata chini, huona majina ya namna mbili yamekaa ubavu kwa ubavu. Yako Maria, Yohana, Filipo, Juma na Ramadhani. Yako na Ndayisaba, Bukuru, Chiza, Nzeyimana na Minani. Yale ya kwanza huyaona yamekwisha kuelezwa, kwa kuwa yana vitabu vyake, na watakatifu wake, na miezi yake. Yale ya pili huyaandika kama ayasikiavyo, kisha huendelea na jina lifuatalo. Makala haya yahusu majina hayo ya pili, na hasa yawahusu wale wanaojitia kuyaeleza. Maana kutoyaeleza ni kosa, lakini kuyaeleza vibaya ni kosa kubwa zaidi.

Kosa la kuyaeleza vibaya lajulikana kwa umbo lake. Ni ile orodha iwekayo jina upande wa kushoto na neno moja la Kiswahili upande wa kulia, mfano wa msamiati ulio mwisho wa kitabu cha darasa la kwanza. Jina hili ni “sala”, jina lile ni “tumaini”, na lingine ni “chuki”. Msomaji huridhika, akadhani amekwisha kulijua kabila. Twasema kwamba orodha ya namna hiyo ina makosa matatu. Kwanza, hukata maneno yasiyokatika. Pili, humsahau mtu aliyeyasema. Tatu, hulifanya jina kuwa shahidi wa mambo ambayo jina haliwezi kuyashuhudia. Na tuyatazame moja moja.

Kila watu wana swali lao wanalojiuliza mtoto azaliwapo. Mjaluo huuliza: amezaliwa saa gani? Ndipo aitwapo Otieno aliyezaliwa usiku, na Akinyi aliyezaliwa asubuhi. Mkikuyu huuliza: ni zamu ya nani kurudi katika nyumba hii? Ndipo mwana wa kwanza wa kiume achukuapo jina la babu yake mzaa baba. Mtu wa pwani, na wa Ujiji vilevile, mara nyingi ameuliza: ni siku gani, au mwezi gani? Ndipo wapatikanapo Juma na Mwajuma, na Ramadhani na Shabani. Muha, kama ndugu zake Mrundi na Mnyarwanda, aweza kuuliza mambo ya namna hiyo pia. Lakini swali lake kubwa ni jingine: mtoto huyu amenijia nikiwa katika hali gani, nami nina neno gani la kusema? Kwa hiyo majina mengi ya nchi hizo si majina ya vitu wala ya sifa. Ni sentensi nzima, zenye mtenda na mtendwa, na wakati, na pengine zenye ukanushi.

Twaa jina Ndayisaba, lisikikalo pande zote mbili za mpaka. Mwenye orodha huandika “sala”. Lakini tazama viungo vyake. Mwanzo wake ni mimi. Kati yake pana kiungo -yi-. Mwisho wake ni kitenzi cha kuomba. Maana yake ni “namwomba”. Waombwa nani? Jina halisemi, wala halina haja ya kusema, kwa kuwa kiungo -yi- kimekwisha kumtaja. Neno Imana, ndilo litumikalo kwa Mungu katika lugha hizo, haliko katika ngeli ya watu. Liko katika ngeli ile ambayo Kiswahili hutia nyumba na nchi. Basi Mwenyezi amefichwa katika silabi moja. Ndivyo ilivyo katika Ndayizeye, “nimemtumaini”, na katika Ndayishimiye, “namshukuru”. Ndivyo ilivyo katika Niyonkuru, “yeye ndiye mkuu”, na Niyonzima, “yeye ndiye mzima”. Mtu ayakataye majina haya ili apate neno moja la kupeleka upande wa kulia wa orodha, hukitupa kile kiungo ambacho ndicho moyo wa jina.

Sikio la Kiswahili laweza kupotea hata pale Imana atajwapo waziwazi. Nzeyimana ni “namtumaini Mungu”; Hakizimana ni “aponyaye ni Mungu”; Bizimana ni jina lisemalo kwamba mambo ajuaye ni Mungu; Ntakirutimana ni “hakuna kitu kimshindacho Mungu”. Msomaji aliyezoea neno letu imani, ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu, aweza kudhani kwamba majina haya yote yasema habari za imani. Sivyo. Maneno Imana na imani hayana udugu wo wote. Yamekutana kwa sauti tu, kama wasafiri wawili wa mavazi yanayofanana. Aandikaye “imani” badala ya Imana amemwondoa Mungu katika jina, akaweka hali ya moyo wa mwanadamu mahali pake. Kosa ni la herufi moja. Lakini kwa wasomaji wa kurasa hizi si kosa dogo.

Kukata majina hakukuanza Buha. Mfalme wa Uhabeshi aliyetawala toka 1930 hata 1974 aliitwa Haile Selassie, yaani “nguvu ya Utatu”. Magazeti ya Ulaya na Marekani mara nyingi yalimwandika “Selassie” peke yake, kana kwamba hilo ni jina la ukoo wake, yakawa yamemwita mtu “Utatu”. Hata sisi wenyewe humwita jirani yetu “Abdul”, tukamwachia nusu ya jina: mtumwa wa, kisha kimya. Basi tusimcheke mgeni.

Sasa kosa la pili, la kumsahau msemaji. Jina likiwa sentensi, basi yuko aliyeisema, na yuko aliyeambiwa. Katika jina Ndayisaba, neno “mimi” si mtoto. Mtoto wa siku nane haombi. Aombaye ni baba au mama aliyelitoa jina, na mtoto amelichukua kama tarishi achukuavyo barua. Jambo hili ndilo lililoelezwa vizuri na Philippe Ntahombaye wa Burundi, katika kitabu chake Des noms et des hommes, kilichopigwa chapa Paris mwaka 1983. Mwandishi huyo hakutosheka na kukusanya maana; alitazama jina kama neno lipitalo kati ya watu, kati ya mume na mke, kati ya nyumba na majirani, kati ya mzazi na mauti. Kwa maoni yetu hicho ndicho kitabu kinachomfaa kwanza mtu atakaye kuelewa majina ya nchi hizi za juu, ingawa kimeandikwa kwa Kifaransa, nacho ni shida kwa mwalimu wa kijijini.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1989, Alexandre Kimenyi alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya majina ya Kinyarwanda na ya Kirundi. Yeye alikuwa bwana wa sarufi, na nguvu yake iko katika viungo: jinsi jina lijengwavyo, jinsi kitenzi kigeukavyo kuwa jina la mtu bila kuvaa kilemba kipya. Atakaye kujua kwa nini Ndayisaba halikatiki, na asome kwa Kimenyi; atakaye kujua kwa nini limesemwa, na asome kwa Ntahombaye. Lakini vitabu vyote viwili, kama vilivyotangaza vyenyewe, vimeishia Burundi na Rwanda. Lugha ya Waha imepata bwana wake katika Lotta Harjula, ambaye mwaka 2004 alitoa sarufi ya Kiha pamoja na masimulizi na msamiati. Nayo ni kazi ya thamani, lakini ni kazi ya lugha, si ya majina. Hivyo mtu wa Buha huachwa aazime maelezo ya ng'ambo ya mpaka. Kuazima si vibaya, kwa kuwa lugha ni ndugu. Ubaya ni kuazima bila kuuliza nyumbani.

Faida ya kumkumbuka msemaji yaonekana zaidi katika majina machungu. Burundi alikuwako chifu mashuhuri wakati wa Wabelgiji, Pierre Baranyanka, na jina lake lilikuwa na maana ya “wananichukia”. Katika Kasulu liko jina Nsanzugwanko, ambalo limesikika hata katika Bunge la Tanzania, nalo lasema “nimekuta chuki”. Mwenye orodha ataandika “chuki” mara mbili, na mgeni atakayesoma atadhani kwamba watu hawa huwapa watoto wao chuki. Kumbe mambo ni kinyume. Mzazi aliyeona kwamba jirani wanamsema vibaya hakwenda kugombana kisimani. Alimwita mtoto wake jina, na kila jirani aliyemwita mtoto huyo alilazimika kuyatamka yeye mwenyewe malalamiko yaliyoelekezwa kwake. Ni namna ya kusema bila kupigana. Ntirampeba, “hajaniacha bado”, ni jina la namna hiyohiyo lililogeuzwa kuelekea juu: mzazi aliyeona taabu asema kwamba Imana hajamtupa.

Waswahili wanaoshangaa na watazame nyumbani kwao. Tunao akina Tabu, na Shida, na Mashaka, na Sikujua. Tunao na Subira, na Riziki, na Zawadi. Hatudhani kwamba Mashaka ni mtu wa mashaka. Twajua kwamba siku ile alipozaliwa nyumba ilikuwa katika mashaka, na jina limebaki kama alama ya maji ukutani baada ya gharika kupita.

Si kila jina la Buha, hata hivyo, ni barua ya namna hii, na hapa orodha hukosa tena kwa kuchanganya vyote katika kapu moja. Yako majina ambayo mzazi hayatungi. Huyakuta yamekwisha kuwekwa. Katika desturi ya Kirundi na ya jirani zao, pacha wa kwanza ni Bukuru, na wa pili ni Butoyi, yaani mkubwa na mdogo. Naye mtoto awafuataye ni Ciza. Mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa tisa ni Nyabenda, wa kumi ni Bucumi. Jina la namna hii halisemi neno kwa jirani. Lasema mahali pa mtoto katika safu ya ndugu zake. Mwalimu amwonaye Minani katika darasa lake amekwisha kuambiwa jambo moja kubwa juu ya nyumba ile, kama angalijua kulisoma: ya kwamba mama yake alizaa mara nyingi kabla yake, ingawa si wote pengine walioishi.

Yako na majina ya kiti cha ufalme. Kabla ya uhuru, nchi ya Heru katika Kasulu ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Theresa ni jina la ubatizo. Ntare, katika lugha ya zamani ya nchi hizi, ni simba. Mwenye orodha ataandika “simba” na kupita, au atastaajabu kwa nini mwanamke aliitwa simba. Lakini Ntare si sifa ya mtu. Ni jina lirithiwalo na watawala, nalo lilijulikana mbali na Heru. Wafalme wa Nkore, katika Uganda ya leo, walilitwaa; Ntare wa tano wa Nkore alikufa mwaka 1895. Wafalme wa Burundi walilitwaa pia: mwaka 1966 kijana Charles Ndizeye alipoketi katika kiti cha baba zake aliitwa Ntare wa tano, na mwaka 1972 akauawa. Tazama mtu huyo mmoja: Charles ni jina la kanisa, Ndizeye ni jina alilopewa kama mtoto, Ntare ni jina la kiti. Majina matatu, na kila moja limetolewa na mdomo mwingine. Ni kama Papa wa Roma aachaye jina la nyumbani na kuitwa Leo au Piyo; hakuna atakayeuliza kama baba yake aliona simba siku ile.

Hapa twafikia jambo liletalo taabu katika maandishi ya siku zetu, yaani jina la ukoo. Katika desturi ya Buha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawakuwa na jina la kuwafunga pamoja. Mmoja aliitwa kwa ombi, mwingine kwa shukrani, wa tatu kwa ugomvi wa mwaka ule. Kila mtoto alikuwa na neno lake. Ukoo ulijulikana kwa njia nyingine, si kwa jina lililoandikwa nyuma ya jina.

Wala tusidhani kwamba jina la ukoo ni desturi ya wanadamu wote, na kwamba Waha walichelewa. Katika nchi ya Iceland mwana wa Jón huitwa Jónsson, na binti yake Jónsdóttir, wala jina haliendelei kwa wajukuu. Uhabeshi mtu hufuatisha jina la baba yake, basi. Japani iliwalazimisha watu wote kuwa na jina la ukoo mwaka 1875, na Uturuki mwaka 1934, kwa sheria. Mara nyingi jina la ukoo limekuja pamoja na kodi, na jeshi, na daftari. Serikali hulihitaji kuliko jirani.

Tanzania haikuweka sheria kama ya Uturuki, lakini shule na ofisi zilileta desturi yake: jina la mtoto, kisha la baba, kisha la babu. Desturi hiyo si mbaya. Lakini tazama yaliyolipata jina la Kiha. Babu aliitwa “nimekuta chuki”, kwa sababu ya ugomvi wa kijiji kimoja, mwaka mmoja. Mjukuu wake, aliyezaliwa katika mji mwingine, kati ya watu wampendao, huandikwa kwa jina hilohilo, nalo humfuata hata chuoni na kazini. Sentensi iliyosemwa mara moja imekuwa bendera ya ukoo. Hakuna wa kulaumiwa. Ndivyo yalivyo majina ya Ulaya pia, ambako watu wengi huitwa Smith bila kuwa na tanuri la mhunzi. Ila mwalimu asimwambie mtoto kwamba jina lake lamaanisha kwamba yeye ni mtu wa chuki. Amweleze ya kuwa ni neno la babu yake, lililokuwa na siku yake na mahali pake. Tofauti ya maelezo hayo mawili ni kubwa katika moyo wa mtoto wa miaka 10.

Kulikuwako na wakati mbaya kuliko huo, ambapo jina liliachwa kabisa. Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Buha walichukuliwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge, hasa ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kutafuta vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao wa mkataba waliitwa manamba, neno litokanalo na namba, kwa kuwa katika kitabu cha shamba mtu alijulikana kwa namba yake. Aliyeitwa na mama yake “aponyaye ni Mungu” alijibu kwa tarakimu. Twalikumbusha jambo hili si kwa kuamsha chuki za zamani, bali kwa sababu laonyesha mwisho wa njia: mwandishi asiyejali jina ni nini, mwishowe huona namba yatosha.

Kosa la tatu ndilo zito, na ndilo lililotufanya tuandike. Ni kulifanya jina kuwa shahidi wa kabila, na tena wa uraia.

Mpaka upitao kati ya Buha na Burundi haukuwekwa na lugha. Katika wakati wa Wajerumani nchi zote mbili zilikuwa ndani ya koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, wakaishika mpaka 1921, ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Burundi ikabaki kwa Wabelgiji hata uhuru wake mwaka 1962. Toka hapo mtoto wa mashariki ya mpaka alijifunza herufi kwa Kiswahili, na mtoto wa magharibi alijifunza kwa Kirundi na Kifaransa. Jina lile la mtoto afuataye mapacha, ambalo Burundi huandikwa Ciza, likaandikwa Chiza upande wa Kibondo. Na kwa herufi hizo nchi nzima imelijua, kwa kuwa Mheshimiwa Christopher Chiza alikuwa mbunge wa Buyungu na waziri wa kilimo. Jina ambalo Mrundi angeliandika Nsanzurwanko, Kasulu limeandikwa Nsanzugwanko. Wengine wametaka kuona katika herufi hizi alama ya damu. Ni alama ya shule. Mtoto wa mkimbizi aandikwaye na mwalimu wa Kibondo atakuwa Chiza. Na Muha aandikwaye na karani wa Bujumbura atakuwa Ciza.

Wakimbizi wa Burundi waliivuka mipaka hii mwaka 1972, na mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Katika Kasulu palikuwa na kambi ya Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012. Pakafunguliwa Nyarugusu mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, ambayo baadaye iliwapokea Warundi wengi. Katika Kibondo palikuwa na Nduta, na katika Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, palikuwa na Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021. Basi majina ya Ndayizeye na Niyonzima yamekaa kwa miaka mingi katika madaftari ya wakimbizi, na sikio la mtu wa mbali limezoea kuyasikia huko tu. Likiyasikia kwa mwanafunzi wa Kasulu, hudhani limemkuta mgeni. Na mwaka 2013, serikali ilipofanya msako ulioitwa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ili kuwatafuta wahamiaji wasio na ruhusa, ilionekana wazi kwamba kuulizwa “wewe ni wa wapi” si mazungumzo tu.

Twasema kwa ufupi: jina haliwezi kulijibu swali hilo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yatazama kuzaliwa, na wazazi, na kuandikishwa. Haitazami sauti ya jina. Jina la Kiha laweza kutuambia kwamba mzazi alikuwa akimwomba Mungu, au kwamba alisemwa vibaya na jirani, au kwamba mtoto ni wa nane. Haliwezi kutuambia kwamba alizaliwa hatua mia upande huu wa mto au hatua mia upande ule, kwa kuwa maneno ya kuomba ni yaleyale pande zote mbili. Tena tukilifanya jina kuwa shahidi, tutawafundisha watu kumbadili shahidi. Mwenye hofu ataacha Ndayizeye na kujiita jina la pwani. Na hapo tutakuwa tumepoteza jina la kweli bila kupata habari ya kweli.

Yabaki swali moja ambalo makasisi na wachungaji hulikuta kila mwaka: je, mtoto aletwaye kubatizwa na jina chungu, aachwe nalo? Wengine husema jina la ugomvi halifai katika kitabu cha kanisa, na hulifuta na kuandika jina la mtakatifu peke yake. Nia yao ni njema. Lakini Maandiko yana habari ya jambo hilohilo. Raheli, akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Jina la baba ndilo lililotumika. Hata hivyo mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakulifuta jina la mama. Ameliandika, nasi twalisoma hata leo, na kwa hilo twajua namna Raheli alivyokufa. Kuongeza jina ni ruhusa ya kila kanisa. Kufuta neno la mama ni jambo jingine. Na ikumbukwe kwamba Yohana, na Nathanaeli, na Elizabethi, yalikuwa nayo sentensi za watu wa lugha nyingine kabla hayajawa majina ya watakatifu. Nathanaeli ni “Mungu ametoa”, wala haliko mbali na majina ya Buha kama wengi wadhanivyo.

Basi yampasa aandikaye jina la mtoto wa Buha kuuliza kwanza, kisha kuandika. Aulize ni nani aliyelitoa jina, na kwa sababu ya jambo gani. Aulize wenyewe hulitamkaje, na alirudie mbele yao kabla ya wino kukauka. Asibadili g wala r kwa kupenda ufasaha wa vitabu, kwa maana herufi moja iliyobadilishwa kwa ufasaha itamsumbua mtu huyo mbele ya kila meza ya ofisi maisha yake yote. Na akipata maelezo ya jina, asiyaweke katika neno moja. Aandike sentensi nzima, na tukio lake, na mwaka, bila kutaja aibu za nyumba ambazo wenyewe hawataki zitajwe.

Kazi hiyo hakuna awezaye kuifanya Paris wala Dar es Salaam. Wazee walioyatoa majina ya Heru, na Muhambwe, na Buyungu wapungua kila mwaka, na jina likiisha kufiwa na msemaji wake hubaki kama mlango ambao ufunguo wake umezikwa. Walimu waliopo huko wana daftari, wana kalamu, na wana wazee jirani. Wakianza na majina 20 ya darasa moja, yaliyoelezwa vema, watakuwa wamefanya zaidi ya orodha ya majina 1000 yenye neno mojamoja upande wa kulia.